Barua kutoka Leipzig: Chama Kidogo, Wazo Lisilokufa

Wapendwa ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Leipzig, jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani. Leo nataka kujibu swali ambalo wazazi wengi wamekuwa wakiniletea, hasa tangu tarehe 13 Septemba 2024, siku Kenya na Ujerumani zilipotia saini mjini Berlin makubaliano ya kuwawezesha wafanyakazi wetu kuja huku kwa njia halali. Kansela Olaf Scholz na Rais William Ruto walikuwapo. Tangu wakati huo vijana wanaojifunza Kijerumani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wameongeza bidii, wakitafuta nafasi za uuguzi, udereva na mafunzo ya ufundi. Na mzazi, akishakokotoa nauli na ada, huniuliza: Je, mwanangu atakuwa salama? Hao wanaowachukia watu weusi, ni wangapi, na wana nguvu kiasi gani?

Mzazi ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu lisilofichwa. Kwa hiyo nitawaeleza habari za chama kimoja ambacho hakijawahi kutawala Ujerumani, hakijawahi hata kuingia katika bunge la shirikisho, na ambacho leo karibu hakipati kura. Kwa muda mrefu kiliitwa NPD, Chama cha Taifa na Demokrasia cha Ujerumani. Tangu mwaka 2023 kinajiita Die Heimat, yaani Nyumbani. Nimekichagua kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuhesabu kura kwa usahihi kabisa na bado asiione hatari iliyo mbele yake.

Kilianzishwa Hannover tarehe 28 Novemba 1964, miaka 19 tu baada ya utawala wa Hitler kuanguka. Miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo walikuwamo wengi waliokuwa wanachama wa chama cha Manazi. Kati ya mwaka 1966 na 1968 kiliingia katika mabunge saba ya majimbo. Mwaka 1969 kilipata asilimia 4.3 ya kura za taifa. Sheria ya Ujerumani inataka chama kifikishe asilimia 5 ndipo kigawiwe viti, kwa hiyo kilibaki mlangoni. Baada ya hapo kilisinyaa kwa miaka mingi, na wengi wakadhani kimekwisha.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka na Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, kilipata shamba jipya huku mashariki. Viwanda vilifungwa, watu wakakosa kazi, vijana hasa wa kike wakahamia magharibi, na vijiji vikabaki na wazee na vijana waliokata tamaa. Waafrika wengi waliokuwa huku wakati huo hawakuwa wakimbizi. Walikuwa vibarua wa mikataba waliotoka Msumbiji na Angola, walioletwa na serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki. Mwezi Septemba 1991, katika mji wa Hoyerswerda hapa Sachsen, mabweni yao na ya Wavietnamu yalishambuliwa kwa mawe na moto huku majirani wakitazama, na baadhi wakipiga makofi. Mwishowe serikali iliwapakia wageni katika mabasi na kuwahamisha. Washambuliaji walibaki na mji wao.

Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Novemba 1990, kundi la vijana lilimpiga Amadeu Antonio Kiowa, Mwangola, katika mji wa Eberswalde. Alifariki tarehe 6 Desemba bila kupata fahamu. Miaka kumi baadaye, Juni 2000, Alberto Adriano, baba wa watoto watatu aliyetoka Msumbiji, alipigwa na Manazi mamboleo watatu katika bustani ya mji wa Dessau, naye akafa. Sisemi kwamba NPD ndiyo iliyotoa amri ya mauaji hayo. Ninasema kwamba kulikuwa na kundi mitaani na kulikuwa na chama chenye ofisi, gazeti na ruzuku ya serikali, na vyote viwili vilisema jambo lile lile: kwamba Mjerumani ni wa damu, na asiye na damu hiyo hana haki ya kukaa hapa.

Mauaji na mashambulizi ya mwaka ule wa 2000 yaliifanya nchi ishtuke. Mwaka 2001 serikali ya shirikisho, bunge na baraza la majimbo, vyote vitatu, viliiomba Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikipige marufuku chama hicho. Katiba ya Ujerumani inaruhusu hatua hiyo, kwa sababu walioiandika walikumbuka kwamba Hitler alipanda ngazi kwa uchaguzi. Lakini mahakama pekee ndiyo yenye mamlaka ya kukifuta chama, na kabla ya hapo ilikuwa imefuta viwili tu: kimoja cha warithi wa Manazi mwaka 1952, na Chama cha Kikomunisti mwaka 1956.

Kesi ikaanguka tarehe 18 Machi 2003, na sababu yake inafaa kujulikana. Idara za usalama zilikuwa zimepandikiza watoa habari wa siri ndani ya chama, wengine katika uongozi wake wa juu, wakilipwa na serikali. Majaji watatu kati ya saba wakaona haiwezekani kuendelea: mahakama itajuaje maneno haya ni ya chama au ni ya mtu anayelipwa na dola? Watatu walitosha kuisimamisha kesi, kwa kuwa sheria ilidai theluthi mbili ya majaji wakubaliane ndipo iendelee. Kwa miaka mingi iliyofuata NPD ilitembea kifua mbele, ikidai kwamba mahakama imeisafisha, ingawa mahakama haikuwa imeamua lolote kuhusu itikadi yake.

Mwaka uliofuata, 2004, chama kilipata asilimia 9.2 hapa Sachsen na kuingiza wabunge 12 katika bunge la jimbo mjini Dresden. Mwaka 2006 kikaingia pia bunge la Mecklenburg-Vorpommern, kwa asilimia 7.3. Huo ndio wakati ambao raia wa kawaida walianza kukiona kazini. Tarehe 21 Januari 2005 bunge la Sachsen lilisimama kimya kwa dakika moja kuwakumbuka wahanga wa Manazi. Wabunge wa NPD walitoka nje. Kisha mmoja wao akasimama kulinganisha mabomu yaliyoiangukia Dresden mwaka 1945 na mauaji ya Wayahudi.

Nje ya bunge, chama kilijifunza ufundi mwingine ambao wazazi mnapaswa kuuelewa, kwa sababu ndio utakaomkuta kijana wenu kijijini na si Berlin. Wanachama wake walijiunga na vikosi vya kujitolea vya zimamoto na vilabu vya mpira. Walifungua ofisi za kuwasaidia watu kujaza fomu za misaada ya serikali. Waliandaa sherehe za watoto. Mtu alipouliza kwa nini anakaa nao, alijibiwa kwamba jamaa ni wastaarabu, wanasaidia. Siasa yenyewe ilikuja baadaye, ikiwa imekaribishwa na urafiki.

Wakati wa uchaguzi waliweka mabango juu kabisa ya nguzo za taa, mkono usipofika. Berlin mwaka 2011 walibandika bango lililoonyesha wageni wamekaa juu ya zulia linaloruka, na maneno ya kuwatakia safari njema ya kurudi kwao. Bango jingine lilimwonyesha mwenyekiti wao wa wakati ule, Udo Voigt, juu ya pikipiki, na maneno mawili ambayo kwa Kijerumani yana maana ya kukanyaga mafuta lakini yana neno gesi ndani yake. Moja lilitundikwa karibu na Jumba la Makumbusho la Wayahudi. Mwaka 2013 walisambaza bango lililotaka fedha ziende kwa bibi mzee badala ya jamii za Wasinti na Waroma. Mtu akipita chini ya maneno hayo kila siku akielekea kazini, anaelewa kwamba anaambiwa yeye, hata kama hakuna aliyemgusa.

Mwaka 2009, jimboni Thüringen, chama kikubwa cha CDU kiliweka picha ya Zeca Schall, mzaliwa wa Angola na mwanachama wake, katika mabango ya kampeni. NPD ikamtukana kwa rangi yake na kutangaza kwamba itakwenda kumshawishi arudi alikotoka. Polisi wakalazimika kumlinda. Mwaka 2017 walimwandama Karamba Diaby, mzaliwa wa Senegal, mwanakemia na mbunge wa chama cha SPD kutoka mji wa Halle, aliyeingia bungeni mwaka 2013. Chama kilisambaza picha yake mtandaoni kuonyesha kwamba mtu kama yeye hawezi kuwa mwakilishi wa Wajerumani. Matusi yakamiminika, naye akawajibu hadharani bila kurudi nyuma. Alitumikia muhula baada ya muhula, ofisi yake ikapigwa risasi, ikachomwa moto. Alipotangaza mwaka 2024 kwamba hatagombea tena, wengi wetu tulihuzunika, maana alikuwa miongoni mwa wachache sana bungeni wanaofanana na watoto wetu.

Nirudi nyuma kidogo hadi Novemba 2011, taifa lilipogundua kwamba kikundi cha siri cha Manazi mamboleo, NSU, kilikuwa kimeua watu kumi kati ya mwaka 2000 na 2007. Tisa walikuwa watu wa asili ya Uturuki na Ugiriki, wengi wao wenye vibanda na maduka madogo, na wa kumi alikuwa polisi wa kike. Kwa miaka hiyo yote polisi walikuwa wakizichunguza familia za marehemu wenyewe, wakitafuta madawa ya kulevya na visasi vya kindugu. Miongoni mwa waliohukumiwa mwaka 2018 kwa kusaidia kupatikana kwa bastola ya mauaji hayo alikuwamo Ralf Wohlleben, aliyewahi kuwa mmoja wa viongozi wa NPD katika jimbo la Thüringen.

Kwa hiyo Desemba 2013 baraza la majimbo likarudi Karlsruhe. Mara hii watoa habari waliondolewa kwanza katika uongozi wa chama. Hukumu ilitolewa tarehe 17 Januari 2017, na ninaiona kuwa miongoni mwa maandiko muhimu zaidi kwa mgeni yeyote anayeishi nchi hii. Mahakama ilisema mambo mawili.

La kwanza: malengo ya NPD yanapingana na katiba. Chama kinataka taifa la watu wa damu moja, na kwa msingi huo kinamnyima utu wake kila asiye wa damu hiyo, hata akiwa na pasipoti ya Ujerumani. Kifungu cha kwanza cha katiba kinasema utu wa binadamu haukiukwi. Mahakama ikaeleza kwamba utu huo ni wa kila mtu kwa sababu ni mtu, na kwamba raia ni raia, awe na wazazi kutoka wapi. Kwetu sisi, maneno hayo ni mali. Yana maana kwamba anayekuambia hapa si pako hapingani na wewe tu, anapingana na sheria mama ya nchi.

La pili: hata hivyo chama hakitapigwa marufuku. Wanachama wake walikuwa chini ya 6,000. Hakikuwa na mbunge hata mmoja katika bunge la jimbo lolote. Kilikuwa na kiti kimoja tu katika Bunge la Ulaya, alichokalia Udo Voigt tangu 2014, baada ya kizingiti cha kura kwa uchaguzi huo kuondolewa na mahakama hiyo hiyo. Mahakama iliona chama hakina uwezo wa kuyatimiza malengo yake, na chama kisicho na uwezo huo hakifutwi.

Kisheria naielewa hoja hiyo. Nchi huru haipaswi kuufuta upinzani kirahisi, na sisi tunaotoka kwetu tunajua jinsi serikali inavyoweza kupenda kufuta vyama kwa visingizio. Lakini tangu siku ile nimebaki na dukuduku ambalo halijaniisha. Kama kipimo cha hatari ni wingi wa kura, tutafanya nini wazo lile lile likihamia kwenye nyumba kubwa zaidi? Wahenga walituambia: mdharau mwiba mguu huota tende.

Tazameni hesabu zenyewe. Hapa Sachsen mwaka 2014 NPD ilipata asilimia 4.95 na kutupwa nje ya bunge kwa kukosa kura 809 tu. Mwaka 2016 ikatolewa pia Mecklenburg-Vorpommern. Katika uchaguzi wa taifa ilipata asilimia 1.3 mwaka 2013, asilimia 0.4 mwaka 2017, na asilimia 0.1 mwaka 2021. Voigt alipoteza kiti chake mwaka 2019. Anayesoma takwimu hizo pekee atasema ugonjwa umepona.

Lakini kura hazikuyeyuka. Mwaka 2013 kilizaliwa chama kingine, AfD, kikianza kama chama cha maprofesa waliopinga sarafu ya yuro, kisha kikageukia wahamiaji na Uislamu. Kilipata asilimia 12.6 mwaka 2017, na Februari 2025 kikapata asilimia 20.8 na kushika nafasi ya pili nchini. Sitaki kuwadanganya kwa kusema vyama hivi viwili ni kimoja. AfD ina wanachama wa aina nyingi, na wapiga kura wake wengi wana hasira za kodi ya nyumba, za hospitali zilizofungwa vijijini, za serikali isiyowasikia. Nimefanya kazi nao, nimekula nao, na baadhi yao wamenisaidia katika shida. Hata hivyo kuna maneno ambayo miaka ya nyuma yalitamkwa na NPD peke yake, na leo yanasikika katika ukumbi wa bunge.

Mji wa Riesa unaonyesha safari hiyo. Ni mji mdogo wa viwanda kando ya mto Elbe, kati ya hapa na Dresden. Nyumba ya uchapishaji ya NPD ilikuwa huko kwa miaka mingi. Mwezi Juni 2023 chama hicho kikakutana na kubadili jina lake kuwa Die Heimat, kikitumaini jina jipya litaosha la zamani, na hakuna aliyejali sana. Januari 2025 katika mji huo huo AfD ikafanya mkutano wake mkuu, na mgombea wake wa ukansela, Alice Weidel, akalitamka wazi jukwaani neno linalotumika kwa mpango wa kuwarudisha wahamiaji makwao, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Nje, maelfu ya waandamanaji walikuwa wamefunga barabara tangu alfajiri. Ndani ya miaka miwili, wazo lilelile lilihama kutoka kwa kikundi kisichojaliwa na mtu hadi kwa chama cha pili kwa ukubwa nchini.

Wazo hilo la kwamba Mjerumani ni wa damu halikuzaliwa na NPD. Hadi mwisho wa karne iliyopita sheria ya uraia ya Ujerumani, iliyotungwa mwaka 1913, ilimhesabu mtu kuwa Mjerumani kwa kuzaliwa na Mjerumani. Mtoto wa Mturuki aliyezaliwa na kusoma katika mji wa Köln alibaki mgeni. Ni tarehe 1 Januari 2000 tu ndipo mtoto wa wazazi wageni walioishi hapa kihalali kwa miaka ya kutosha alipoanza kupata uraia kwa kuzaliwa. Mwaka 2024 sheria ikafunguka zaidi: anayetimiza masharti anaweza kuomba baada ya miaka mitano, bila kulazimishwa na Ujerumani kuacha uraia wake wa awali. Mkenya ananufaika moja kwa moja. Mtanzania bado anabanwa na sheria ya nyumbani, na hilo ni la viongozi wetu kulitafakari.

Na sisi watu wa pwani tulilijua wazo la damu mapema kuliko wengi. Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani. Akiwa bado mtoto alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya askari ambayo haikulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu, akaoa Mjerumani. Alidhani utumishi wake umempa haki ya kuwa wa hapa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Leo nje ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kuna kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kati ya mawe ya njia ya miguu. Kijana yeyote Mswahili anayefika Berlin akapaone. Aliyewafundisha Wajerumani lugha yetu aliuawa na wazo ambalo NPD imekuwa ikilitangaza tangu ilipoanzishwa.

Kwa nini, basi, bado naishi hapa na bado nawaambia vijana waje? Kwa sababu nimeona pia watu wanaokataa, na wao ni wengi. Kila Februari Manazi mamboleo walikuwa wakiandamana Dresden kwa kisingizio cha kuomboleza mabomu. Mwaka 2010 maelfu ya wakazi, makasisi, wanafunzi na wanachama wa vyama vya wafanyakazi walikaa chini barabarani na kuwazuia wasisogee. Maandamano yale hayakupata tena ukubwa wake wa zamani. Berlin kuna mwalimu mstaafu, Irmela Mensah-Schramm, ambaye tangu mwaka 1986 anatembea na kikwangulio akibandua vibandiko vya chuki kwenye nguzo na vituo vya mabasi, ingawa amewahi kushtakiwa kwa kuharibu mali. Januari 2024 waandishi wa chombo cha habari cha Correctiv walipofichua mkutano wa Potsdam ambako mpango wa kuwaondoa wahamiaji ulijadiliwa, mamia ya maelfu walijaa mitaani nchi nzima kwa wiki kadhaa, hata katika miji midogo ya Sachsen ambako kila mtu anamjua mwenzake na kuandamana kunahitaji moyo.

Sheria nayo haikulala. Baada ya hukumu ya 2017 bunge lilirekebisha katiba ili chama chenye malengo hayo kiweze kunyimwa fedha za umma. NPD ilipokea zaidi ya yuro milioni moja mwaka 2016, yaani kodi yangu na ya wauguzi wenu iligharamia mabango ya kutufukuza. Tarehe 23 Januari 2024 mahakama ikakata ruzuku hiyo kwa miaka sita pamoja na nafuu za kodi. Chama kilikuwa kimeshadhoofika, lakini njia imewekwa na iko wazi kwa atakayefuata nyayo zake.

Tukio moja bado linaniogofya kuliko asilimia zote nilizozitaja. Septemba 2019, katika kitongoji cha Waldsiedlung, Altenstadt, jimboni Hessen, baraza la mtaa lilimchagua afisa wa NPD kuwa mwenyekiti wake. Wajumbe waliompigia kura walitoka vyama vya CDU, SPD na FDP, na hakuna aliyepinga. Walipoulizwa, ilielezwa kwamba hakukuwa na mwingine aliyejitokeza, na kwamba huyu alijua kutumia kompyuta na kutuma barua pepe. Nchi ilipochachamaa, walimwondoa mwezi uliofuata. Wale hawakuwa Manazi. Walikuwa watu wema waliochoka, walioona itikadi ya jirani yao kuwa jambo dogo kwa kuwa haikuwagusa wao. Chama kisichofikisha hata asilimia moja ya kura kinaweza kukalia kiti cha mtaa kwa njia hiyo, bila kumshawishi mtu hata mmoja.

Sasa narudi kwa mzazi. Mwanao anaweza kuja, na uwezekano mkubwa ni kwamba ataishi, atasoma, atalipwa na kuheshimiwa. Lakini aje akiwa anajua. Ajifunze Kijerumani vizuri, si kwa ajili ya mtihani tu, bali aelewe anachoambiwa na aweze kujibu. Kabla ya kusaini mkataba, aulize mji wenyewe ukoje, kuna Waafrika wengine, kuna usafiri wa usiku baada ya zamu. Akitukanwa au kutishwa, aandike tarehe, saa, mahali na majina ya mashahidi siku hiyo hiyo. Akiwa hatarini awapigie polisi simu, namba 110. Akibaguliwa kazini au katika kupanga nyumba, kuna sheria ya usawa ya mwaka 2006 inayomlinda, lakini inampa miezi miwili tu kudai haki yake, kwa hiyo asikae nayo moyoni akiona haya. Majimbo ya mashariki yana ofisi za ushauri kwa walioshambuliwa, na huduma yao ni bure. Na ajiunge na watu: kanisa au msikiti, timu ya mpira, chama cha wafanyakazi, kikosi cha zimamoto cha kijiji. NPD ilifahamu kwamba kijiji hushikwa na anayejitokeza kukitumikia. Nafasi hizo ziko wazi kwetu pia, na Mwafrika anayezima moto pamoja na majirani zake huwa na watetezi wengi siku akiandamwa.

Nanyi mliobaki nyumbani, msiisome barua hii kama habari za Wazungu tu. Tuna chaguzi zetu, na tunayajua maneno yanayoanza kutembea zinapokaribia, ya kwamba fulani si wa hapa, babu yake alikuja juzi, arudi kwao. Wakenya waliyasikia kabla ya mwisho wa mwaka 2007, na zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata. Kongo ya mashariki watu wanahojiwa uraia wao hadi leo kwa sura na lugha. Anayeyasema mara ya kwanza mara nyingi ni mtu mdogo, hana kura, na tunamwacha kwa kuwa anachekesha au anatusaidia jambo fulani. Mkataeni akiwa bado mdogo. Mkataeni hata kama ni wa kabila lenu, wa dini yenu, au ndiye pekee anayejua kutumia kompyuta katika kamati ya mtaa.

Haki ninayoidai Leipzig, kwamba nihesabiwe mtu kamili bila kupimwa damu, siwezi kuidai kwa dhati kama nyumbani kwetu tunamnyima jirani. Tuwafundishe vijana wetu jambo hilo kabla hawajapanda ndege.



Wenu daima,
Leipzig, Ujerumani